Deni la Mafungu Matatu

Kuna deni moja nililokaa nalo kwa miaka ishirini na miwili, nalo halikuwa deni la fedha. Lilikuwa deni la jibu. Mwanafunzi wangu aliniuliza swali mwaka 1997, nami nikamwambia, "Tutaliangalia kesho." Kesho ile haikufika. Leo, nikiwa mstaafu, ninapenda kueleza jinsi deni hilo lilivyoanza, maana ndani yake kuna karibu yote niliyojifunza kuhusu ufundishaji wa Hisabati.

Nilihamishiwa Lupiro, wilayani Ulanga, mwaka 1994. Wakati huo daraja la mto Kilombero halikuwapo. Ukishuka treni ya TAZARA Ifakara, unatafuta gari hadi mtoni, unasubiri pantoni, kisha unavuka na kuendelea na safari. Masika yakikolea, mto unafurika, bonde zima linageuka ziwa, na barua ya mshahara inaweza kukaa ng'ambo ya pili wiki nzima. Niliwasili na sanduku la bati, godoro, na sifa ya kuwa mwalimu mkali wa Hisabati.

Ukali wenyewe ulikuwa hivi. Kila asubuhi niliwasimamisha wanafunzi mstari, nikawauliza jedwali la kuzidisha. Saba mara nane? Aliyejibu alikaa. Aliyesita alinyoosha mkono akapata fimbo. Naandika haya kwa aibu, lakini siwezi kuyaficha, kwa sababu bila hayo kisa hiki hakina maana. Watoto wale walikariri kweli. Walijua jedwali, walijua kutafuta KDS na KKS, na waliweza kugawanya kwa njia ndefu wakaandika mabaki vizuri pembeni. Lakini nikiwapa fumbo dogo tu, la mtu mwenye magunia kadhaa ya mpunga anayetaka kuyagawa, walinitazama kama niliyewasemesha lugha ngeni. "Mwalimu, tujumlishe au tutoe?" Hilo ndilo lilikuwa swali lao la kila siku. Mimi nikadhani kosa ni lao.

Katika darasa hilo alikuwamo mvulana mmoja ambaye nilikuwa nimekwisha kumkatia tamaa. Alihudhuria miezi michache, kisha mpunga ulipoanza kutoa masuke alitoweka. Kwa wasiolijua bonde letu, niseme kwamba familia nyingi huhamia mashambani msimu wa mpunga. Hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na humo hukaa wakilinda mazao dhidi ya ndege mchana na nguruwe usiku. Kazi ya kufukuza ndege ni ya watoto. Mvulana yule alikuwa akirudi shuleni mwezi Juni, amesahau kila kitu, na mimi nikimwandikia katika ripoti yake maneno mawili: "Hana uwezo."

Mwezi Aprili 1996 nilitumwa kuzungukia mashamba kuwahimiza wazazi warudishe watoto shuleni. Nilitembea nusu siku katika tope, suruali nimeikunja hadi magotini. Nilipofika kwenye dungu la familia ile nilimkuta mvulana na babu yake chini ya kibanda, kwenye kipande cha ardhi kavu, wamechimba mashimo ya bao: safu nne, kila safu mashimo manane. Walikuwa wamekwisha kunamua, wamefika kwenye mtaji. Nilisema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwalimu, karibu ukae," lakini macho hayakutoka kwenye bao.

Nilikaa nikatazama. Yule mtoto aliyekuwa akitetemeka mbele ya saba mara nane alimwambia babu yake kwa utulivu, "Babu, ukitoka pale utakula mara mbili, kisha utalala shimo la tatu. Mimi nitatoka hapa, nitafika kwako nyuma, na kichwa chako kitabaki bila kete." Babu akanyamaza, akahesabu kwa macho, akacheka. Mimi sikuweza kufuata hata nusu ya safari ile. Kete sitini na nne zinazunguka, zinaliwa, zinapandwa upya, na mtoto anaona mwisho wake kabla hajagusa ya kwanza.

Mzee alinikaribisha kucheza. Alinifunga haraka, kisha mjukuu naye akanifunga. Nilipokuwa nikijikung'uta nguo kuondoka, mzee aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, ndiyo huyu mnayeandika kwamba hana uwezo?"

Sikuwa na jibu. Njiani kurudi nilikumbuka kwamba mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu dhana kwamba elimu yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Andiko hilo tulilisoma chuoni, tukalifanyia mtihani, tukafaulu, tukalisahau. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1995, mwaka mmoja tu kabla ya siku ile, Mholanzi Alex de Voogt alikuwa ametoa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na uwezo wa akili zao. Naye Claudia Zaslavsky, mwalimu wa Kimarekani, alikuwa ameandika tangu mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu hesabu za Waafrika, michezo yetu ikiwamo. Watu wa mbali walikuwa wakiona kilichokuwa kimekaa chini ya dungu, umbali wa nusu siku kwa miguu kutoka kwenye ubao wangu.

Niliwaza kulipeleka bao darasani, lakini bao ni kubwa. Sheria zake ni nyingi, mchezo mmoja unaweza kumaliza vipindi viwili, na mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi. Nilitaka mchezo ambao sheria zake zinaelezwa kwa dakika moja, lakini siri yake haionekani siku ya kwanza. Nikakumbuka mmoja ambao mwenzetu alituchezesha bwenini chuoni. Ni huu: weka punje ishirini na moja za mahindi mezani. Wachezaji wawili wanapokezana. Kila mmoja, kwa zamu yake, anachukua punje moja, mbili au tatu. Anayechukua ya mwisho ndiye mshindi. Basi.

Mwezi Juni, watoto wa mashambani waliporudi, niliwaambia wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja aje na mahindi kidogo mfukoni. Walidhani ni mchango wa uji. Niliwagawa wawili wawili, nikaeleza sheria, nikawaacha. Kelele zilikuwa kubwa hata mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Baada ya michezo kadhaa niliwanyamazisha, nikauliza: "Nani anajua namna ya kushinda?" Mikono ikapanda mingi kuliko nilivyowahi kuona katika somo lile. Mmoja alisema ni bahati. Mwingine alisema uchukue tatu kila mara. Wa tatu alisema kwa uhakika, "Anayeanza ndiye anayeshinda. Mimi nimeanza mara tano, nimeshinda zote tano."

Zamani ningemwambia "ndiyo" au "hapana" nikaendelea. Siku hiyo nilimwambia acheze mbele ya wenzake, na aanze yeye. Akashindwa. Darasa likacheka, naye akabaki ameduwaa. Nilimwambia kwamba kushinda mara tano si jambo la kudharau, ila mara tano haituambii kitu kuhusu mara ya sita mpaka tujue *kwa nini*. Nadhani hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutamka maneno "kwa nini" katika kipindi cha Hisabati nikiwa ninangoja jibu kweli.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana mmoja mpole wa dawati la nyuma. Alisema, "Mwalimu, punje zikibaki nne, anayetakiwa kucheza amekwisha." Nikamwuliza kwa nini. Akafikiri, akasema: akichukua moja zinabaki tatu, mwenzake anazimaliza, akichukua mbili zinabaki mbili, mwenzake anazimaliza, akichukua tatu inabaki moja, mwenzake anaimaliza. Hakuna njia ya nne. Nikaandika ubaoni: 4. Darasa likanyamaza kwa namna ambayo fimbo yangu haikuwahi kuwanyamazisha.

Hapo mvulana wa dungu akanyoosha mkono. Alisimama, akasema polepole kama aliyekuwa akilitazama bao: "Basi, mwalimu, mchezo hauishii kwenye moja. Unaishia kwenye nne. Na ukirudi nyuma tena, unaishia kwenye nane. Kwa sababu zikibaki nane, mwenzangu akichukua moja mimi nachukua tatu, akichukua mbili nachukua mbili, akichukua tatu nachukua moja. Tunafika nne, na zamu ni yake."

Ndugu msomaji, huo ulikuwa uthibitisho kamili wa kihisabati. Hakuna kilichopungua. Mtoto niliyemwandika kwamba hana uwezo aliusimamia kwa miguu yake yenye tope. Kilichobaki darasa zima lilikimaliza kwa sauti moja: nane, kumi na mbili, kumi na sita, ishirini. Kwa punje ishirini na moja, anayeanza achukue moja tu, amwachie mwenzake ishirini, kisha kila mara atimize nne. Akikosea mahali pamoja, mwenzake anayejua anaushika mchezo. Ndiyo maana yule wa mara tano alishinda mara tano: wenzake hawakuwa wakijua.

Kipindi kilichofuata niliwapa punje thelathini. Wengine walianza kurudi nyuma kutoka nne tena. Lakini mmoja aligawanya: thelathini kwa nne ni saba, yanabaki mawili. "Nachukua mbili," akasema. Mabaki! Miaka yote niliwafundisha mabaki kama takataka inayoandikwa pembeni baada ya kazi kwisha. Sasa mabaki yalikuwa ndiyo jibu lenyewe. Nilipobadili sheria kwamba mtu aweza kuchukua hadi punje nne, waliona wenyewe kwamba sasa ni kugawanya kwa tano, na kwamba kwa punje thelathini ni heri umkaribishe mwenzako aanze, umwonyeshe heshima.

Wiki moja baadaye mvulana yule alinijia wakati wa mapumziko, akaniomba tucheze. "Lakini, mwalimu, leo anayechukua ya mwisho amefungwa. Karibu uanze." Mimi, kwa mazoea, nikachukua moja, nikabakiza ishirini. Yeye akachukua tatu, zikabaki kumi na saba, na kuanzia hapo nilikuwa kama ng'ombe anayeburutwa kwenda mnadani: kumi na tatu, tisa, tano, moja. Alikuwa ameona kwamba sheria ikigeuka, namba za hatari zinasogea kwa moja, na kwamba ishirini na moja yenyewe ni mojawapo. Kwa hiyo alinikaribisha kuanza. Alinifunga kwa adabu zote.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Wapo waliobaki wakicheza kwa kubahatisha hadi mwisho. Nilijifunza kwamba mchezo peke yake haufundishi kitu. Mtoto aweza kucheza drafti za visoda pale stendi tangu asubuhi hadi jioni asiongeze wazo hata moja. Kinachofundisha ni lile swali linalofuata mchezo, na mwalimu kuvumilia kimya kirefu bila kukimbilia kujibu. Pia jedwali la kuzidisha halikufutwa. Asiyejua kwamba nne mara saba ni ishirini na nane atapata taabu na punje thelathini. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa na sababu ya kulijua. Fimbo niliiweka juu ya kabati. Haikuwa kwa amri ya mtu. Nilikosa tu kazi ya kuitumia.

Mwanzoni mwa mwaka 1997, walipokuwa darasa la saba, niliwapa mchezo mwingine. Punje ziko katika mafungu mawili. Kwa zamu yako unachukua idadi yoyote, ila kutoka fungu moja tu. Anayechukua ya mwisho ameshinda. Haikuwachukua siku mbili kugundua: sawazisha mafungu, kisha kila afanyacho mwenzako upande huu, wewe kifanye upande ule. Atakapomaliza fungu lake, wewe utamaliza lako, na lako ndilo la mwisho.

Mvulana wa dungu akauliza: "Mwalimu, na mafungu yakiwa matatu?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Nilijaribu haraka kichwani, nikapotea. Hapo ningeweza kusema, "Sijui, tutafute pamoja." Nilikuwa nimewafundisha miezi minane kwamba kutojua ni mwanzo wa kazi. Lakini lilipofika kwangu, ule ukali wa zamani ulirudi kwa vazi jingine: sikutaka darasa lione mwalimu wa Hisabati ameshindwa. Nikasema, "Tutaliangalia kesho."

Siku chache baadaye tulitembelewa na kiongozi mmoja wa elimu. Alikuta watoto wamekaa sakafuni na mahindi, akauliza mchezo huo uko wapi katika azimio la kazi. Haukuwapo. Aliniambia mbele ya wanafunzi kwamba darasa la mtihani si mahali pa kuchezea chakula. Ningeweza kumwomba akae acheze na mmoja wao. Sikuthubutu. Niliogopa kuharibiwa kazi, nikarudi kwenye jedwali na maswali ya mitihani iliyopita, nikajiambia kwamba michezo itarudi baada ya mtihani. Mwezi Machi mpunga ukatoa masuke, mvulana akaenda kwenye dungu. Safari hii hakurudi. Babu yake aliugua, shamba likabaki mikononi mwake, na mtihani wa darasa la saba ukapita bila yeye.

Sijui kama angebaki kwa sababu ya punje za mahindi. Umaskini una nguvu kuliko mchezo. Lakini najua kwamba kwa wiki zile za mwisho nilikuwa nimemwondolea kitu kimoja kilichomfanya akae mbele, na nilikuwa nimemwachia swali bila jibu.

Mwaka 2018 daraja la Kilombero lilizinduliwa, likapewa jina la Rais Magufuli, na pantoni ikawa hadithi. Wakati huo nilikuwa nimestaafu, nikiishi Ifakara. Huko mwalimu mmoja kijana wa sekondari ndiye aliyenieleza nilichoshindwa mwaka 1997. Mchezo wa mafungu ulikwisha kutatuliwa mwaka 1901 na Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Dawa yake ni kulivunja kila fungu katika vipande vya moja, mbili, nne, nane, kila kipande kikiwa mara mbili ya kilichotangulia, na kila fungu likiwa na kipande kimoja tu cha kila aina. Ukimwachia mwenzako mafungu ambayo kila kipande ndani yake kina mwenzi katika fungu jingine, amekwisha. Chukua mafungu ya tatu, tano na saba. Tatu ni mbili na moja; tano ni nne na moja; saba ni nne, mbili na moja. Nne ziko mbili, zimepata mwenzi. Mbili ziko mbili, nazo zimepata. Moja ziko tatu, kuna iliyobaki pweke. Iondoe punje hiyo moja, kwa mfano kutoka kwenye lile la saba, na mchezo ni wako. Ni ile ile siri ya kusawazisha mafungu mawili, ila imeingia ndani zaidi.

Mwaka 2019 nilikwenda Lupiro kwa msiba. Nikipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu mzima mmoja aliyekuwa akipima magunia aliacha mizani akanijia. "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa macho kabla ya sura. Aliniletea kiti, akaagiza soda. Tuliongea habari za babu yake, ambaye alikwisha kufariki, na za watoto wake wanne. Kisha nikamwambia, "Nina deni lako. Mafungu matatu."

Alicheka hadi wapakiaji wakageuka. Akainama, akachota punje za mpunga zilizomwagika, akazipanga juu ya gunia: moja, mbili, tatu. "Hii niliijua kule kwenye dungu, mwalimu," akasema. "Ukimwachia mtu moja, mbili na tatu, amefungwa. Nilijaribu njia zote. Na moja, nne, tano pia. Lakini sikupata kamba inayozifunga zote pamoja."

Nilimwonyesha kamba. Alinyamaza kama alivyonyamaza babu yake siku ile, akahesabu kwa macho, akarudia mwenyewe kwa mbili, nne na sita. "Kumbe kila kimoja kinatafuta mwenzake," akasema. Kisha akamwita binti yake wa darasa la tano aliyekuwa akichezea pumba, akamwambia aje aketi.

Nilitaka kumwomba radhi kwa mambo mengi: kwa fimbo, kwa yale maneno mawili kwenye ripoti, kwa woga wangu mbele ya mgeni. Nilisema kwa kifupi, "Siku ile nilikuwa sijui jibu." Akasema, "Tulijua hujui, mwalimu. Tulikuwa tunangoja useme ili tutafute."

Binti alimaliza kupanga punje zake. Aliuliza nani anaanza.